Kichwa Chekundu Katika Lambo la Mungaa

Ninyi jamaa wa Kintinku mmenichosha. Siwezi kupita stesheni kununua kiberiti bila mtu kuniuliza kama ni kweli nilioga mbele ya mama mkwe na mbele ya serikali kwa siku moja. Kila mmoja ana habari yake, na habari ya leo inazidi ya jana. Basi naisimulia safari yote mwenyewe, tangu nilipotoka hapa mpaka niliporudi, ili atakayenicheka anicheke kwa jambo lililotokea kweli.

Kazi yangu mnaijua. Ubao wa duka la ushirika niliuandika mimi, na yule kuku kwenye ukuta wa hoteli ya stesheni ni mkono wangu, ingawa wapo wanaosema ni bata. Mnajua pia kwamba nilikuwa nimemposa Felista, binti wa Mzee Ntandu wa Mungaa, ambaye nilimfahamu alipokuja kumuuguza dada yake aliyeolewa hapa kwetu. Wajomba zangu walikwenda Mungaa, wakapokewa vizuri, wakala wakashiba, wakarudi na jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana. Mzee Ntandu alisema binti humpa mtu mwenye ng'ombe au mwenye shamba, na huyu mtu wa rangi hajui amweke wapi. Alitaka kwanza aione kazi yenyewe.

Baada ya mavuno habari ikaja. Watu wa Mungaa walikuwa wamehamia pamoja katika kijiji cha ujamaa, wamejenga ghala na kuchimba lambo kwa mikono yao, na mvua zilikuwa zimelijaza vizuri. Bwana Maendeleo, ofisa wa serikali wa wilaya, angekuja kulifungua rasmi. Mzee Ntandu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, alitaka picha kubwa kwenye ukuta wa ghala, niende haraka na rangi zangu. Ikipendeza, mazungumzo ya posa yangeendelea. Isipopendeza, hakuna aliyehitaji kunieleza.

Asubuhi ya kuondoka mama yangu alinisindikiza mpaka stesheni, akanishikilia mkono kama mtu anayekwenda vitani. Nilikuwa na gunia la brashi, kopo la bluu, la kijani, la njano, na debe la rangi nyekundu ya kupakia mabati ambalo kifuniko chake kilikuwa hakikazi. Debe hilo mlikumbuke. Gari moshi lilipoanza kupanda mlima wa Saranda likayumba, kifuniko kikacheza, na matone machache yakamdondokea mzee mmoja aliyekuwa amelala sakafuni karibu na miguu yangu. Akaamka, akaona kanzu yake, akaanza kuaga watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Ilichukua muda kumthibitishia kwamba hafi. Alipokwisha kuelewa, hakufurahi kama nilivyotarajia, na mpaka tunafika Manyoni hakunisemesha tena.

Manyoni nilipata lori lililokuwa linapeleka mabati Singida. Dereva alinikubalia nikae juu ya mzigo kwa sharti kwamba debe nilipakate mwenyewe. Barabara ile mnaijua kwa sifa zake. Vumbi lilinikaa hadi kwenye kope, na kila shimo lilinirusha juu na debe langu, nikawa nimelikumbatia kwa mapenzi ambayo hata Felista sijawahi kumwonyesha. Jua lilipokuwa linaelekea magharibi nikashushwa Ikungi, miguu yote miwili imekufa ganzi.

Pale Ikungi nilipokewa na Mzee Hango, mdogo wake Mzee Ntandu, akiwa na punda wa kubeba mizigo. Niliinama nikamwamkia shikamoo kwa heshima zote. Aliitikia, akanizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani. Sisi Wagogo na Wanyaturu ni watani, na mzee huyu hakutaka utani uozee mdomoni.

Alisema, "Ndiwe utakayetuchorea maji? Ninyi Kintinku maji si mnayasikia redioni tu?"

Nilimjibu kwamba afadhali sisi tunaoyasikia, kuliko wao waliohitaji kijiji kizima kuchimba shimo ndipo wayaone. Akacheka, akampakia punda mizigo, tukaanza safari kati ya mawe yale makubwa ya nchi ya Singida, ambayo unaweza kudhani yameshushwa hapo na mtu akasahau kurudi kuyachukua.

Njiani Mzee Hango aliacha utani, akanieleza jambo la mama mkwe. Heshima ya mkwe sisi kwetu tunaijua, lakini kwa mama yake Felista, alisema, hakuna mchezo. Nisikutane naye uso kwa uso mpaka mambo ya posa yaishe na nifanyiwe ile shughuli ya kuruhusiwa kumwona. Nikimwona njiani, niingie porini. Akiwa ndani, nisikanyage uani. Mtu aliyewahi kumposa dada yake Felista, kabla dada huyo hajaolewa hapa Kintinku, alikutana na mama huyo kwenye kona akiwa kifua wazi, amebeba shati begani kwa sababu ya joto. Hakusemwa wala hakufukuzwa. Posa yake iliishia pale pale kwenye kona. Mzee Hango aliongeza kwamba shemeji yake huyo ni mtu muungwana, hukohoa kabla ya kutokea, kwa hiyo mwenye masikio hana sababu ya kuharibikiwa.

Tangu siku hiyo nikawa naishi kwa kikohozi. Nilijua kikohozi cha kutoka kisimani, na cha kwenda shambani, na kile kifupi cha kupita tu. Nikikisikia naruka nyuma ya ghala, au nyuma ya punda, na siku moja nilijificha nyuma ya Mzee Hango mwenyewe, ambaye ni mwembamba na hakunifaa kitu. Uso wa mama mkwe sikuuona. Nilichokiona ni mgongo wake ukiondoka, na kanga ya kahawia aliyojitanda.

Asubuhi yangu ya kwanza Mungaa, baada ya uji wa uwele, Mzee Ntandu alinipeleka ghalani pamoja na wazee wa kijiji. Ghala liko mahali palipoinuka, na ukuta wake mpana unatazama lambo lililo chini yake. Hapo ndipo mzee alipotoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa imechanwa kwenye kalenda ya nchi za nje, na aliyempa ni Bwana Maendeleo, aliyesema anataka picha kama ile lakini ya kwetu, yaani wananchi wakifurahia maji baada ya kazi.

Ilikuwa picha ya Wazungu kando ya mto. Nawaambia kweli, niliipenda mpaka nikasahau nilipo. Mchoraji alikuwa ameweka rangi kwa vipande vidogo vidogo, kijani kando ya njano, bluu kando ya waridi, na ukisogea nyuma vyote vinageuka kuwa joto la mchana. Mtu mmoja mwenye kofia amejilaza kwenye majani pamoja na mbwa wake. Mwingine amekaa ukingoni, miguu majini, mabega wazi. Ndani ya maji amesimama kijana mwenye kofia nyekundu, viganja mdomoni. Na wote wanatazama upande mmoja, hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake.

Wazee waliipitisha mkono kwa mkono. Mzee Ntandu alieleza kwamba Bwana Maendeleo alisema hicho ni kiangazi cha huko. Hapo wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kiangazi gani chenye maji? Kama hiki ndicho kiangazi chao, masika yao hukimbilia wapi? Kisha maswali yakaanza kwa dhati. Huyu aliyelala ni mgonjwa? Kama si mgonjwa, ng'ombe wake wako wapi? Ndege wakiingia mtamani sasa hivi, nani atawafukuza, huyu mbwa? Na kwa nini hawaongei, wamegombana? Yule wa kofia nyekundu aliwasumbua kuliko wote. Mmoja alisema anaita mtu, mwingine akasema anapuliza viganja kwa baridi.

Mzee Hango aliitazama karatasi kwa muda, akasema, "Anamwita aliyemchukulia suruali."

Basi yule wa kofia nyekundu akaondolewa kwa kauli moja, kwa kuwa haeleweki. Nilijaribu kumtetea, nikasema bila yeye picha inapwaya, lakini Mzee Ntandu alinitazama kwa jicho la baba mwenye binti nikanyamaza.

Siku zilizofuata nilichora, na kila mwenye ng'ombe alikuja na neno lake. Nilianza na maji, maji mengi mazuri ya bluu, na watu wanne wamepumzika ukingoni. Wakaja kuniambia watu hao wavae. Nikawavisha. Wasikae bure, kwa sababu mgeni ni mtu wa serikali na serikali haipendi watu wanaokaa bure. Nikawapa majembe. Wapeane mikono, ionekane hawajagombana. Nikawageuza, wakapeana mikono na majembe yao begani. Halafu wakaja ng'ombe. Mnyaturu anamjua ng'ombe wake kwa rangi kama ninyi mnavyowajua watoto wenu, na hakuna aliyekubali ng'ombe wa jirani anywe kwenye ukuta huku wake akibaki na kiu. Nikaweka mwekundu mwenye paji jeupe, nikaweka wa madoa, nikaweka mweusi mwenye pembe iliyopinda. Kila ng'ombe alifunika kipande cha maji.

Felista alikuwa akiniletea chakula akikiweka mbali kidogo, kwa adabu, dada yake mdogo akisimama kati yetu kama askari. Siku moja alisimama akautazama ukuta, akauliza taratibu maji yameenda wapi. Nikageuka. Yalikuwa yamebaki ukanda mwembamba, na katika huo ukanda kulikuwa na midomo ya ng'ombe.

Iliniuma. Nilikuwa nimekuja kuonyesha kazi yangu, na kilichokuwa ukutani ni mnada wenye unyevunyevu. Lakini kila mzee aliyepita alimkuta ng'ombe wake akatabasamu, na Mzee Ntandu akaanza kuniita mwanangu. Nikaumeza uchungu, nikaendelea na mikia.

Siku ya ufunguzi ilifika. Mgeni alitarajiwa asubuhi, na wote mnajua maana yake ni alasiri. Nani amewahi kuona mgeni rasmi anafika asubuhi aliyoambiwa? Kijiji kizima kilikuwa bado kinatafuta viatu. Mimi nilikuwa juu ya ngazi namalizia pembe ya mwisho, debe la nyekundu limening'inia juu ya kichwa changu, na hapo chini ng'ambo ya ghala nikasikia kikohozi.

Kilikuwa kile kifupi cha kupita tu. Niliruka bila kutazama ninaporukia. Ngazi ilikwenda upande wake, mimi upande wangu, na kifuniko kile kisichokaza kikafanya nilichokuwa nakihofia tangu Saranda. Nyekundu karibu yote ilinishukia kichwani. Kikohozi kikapita, kikaenda zake salama, hakijaona kitu. Nami nikabaki na macho mawili meupe katikati ya rangi ya bati, siku ambayo ningesimamishwa mbele ya watu kama mkwe mtarajiwa.

Nikachukua chupa ya mafuta ya taa na kipande cha gunia, nikateremka mbio mpaka lambo. Hapakuwa na mtu. Nikavua nguo zote, nikaziacha ukingoni juu ya jiwe upande wa ghala, nikaingia. Maji yale yalikuwa ya baridi sana, kwani asubuhi za miezi ile nchi ya Singida haina huruma. Nikasugua. Mwili ulisafika, lakini nywele na paji la uso vilikataa kabisa. Nilikuwa bado nasugua niliposikia mngurumo wa Landrova.

Bwana Maendeleo alikuwa amefika asubuhi. Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ikaanza, watu wakatoka kila upande wakifunga vifungo, na kabla sijajua niende wapi kijiji kizima kilikuwa kinateremka kuja kwenye lambo. Nilijua ningekimbilia ng'ambo ningeonekana mwili mzima. Nikajizamisha mpaka shingoni, nikakaa kimya nikimwomba Mungu anigeuze chura.

Walijipanga ukingoni wakitazama maji. Mbele kabisa, katikati ya kundi la akina mama waimbaji, nikaiona kanga ya kahawia. Alikuwa amesimama karibu na jiwe lile, na suruali yangu ilikuwa hapo miguuni pake. Niligeuza uso haraka kabla sijamwona. Sikuwahi kuogopa namna ile maishani mwangu. Niliwaza posa iliyokufa kwenye kona kwa sababu ya shati tu, nami hapa sina hata shati. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia mama yangu. Meno yalikuwa yanagongana, nikaleta viganja mdomoni nivipulize kwa baridi.

Ngoma ikanyamaza. Ndipo nikasikia sauti ya mgeni, yenye furaha ya kweli.

"Mwenyekiti, mmefanya kazi kubwa. Mmemweka hata yule wa kofia nyekundu."

Nilisikia Mzee Hango akikohoa kicheko na kukimeza. Baadaye Felista aliniambia kwamba watu wote walikuwa wameacha kunitazama mimi, wanamtazama mama yake waone atafanya nini. Wote walijua kwamba akiondoka pale kwa hasira, mambo yangu yamekwisha, nami ningerudi Kintinku na makopo matupu.

Hakuondoka. Nilisikia kikohozi, cha namna ambayo sikuwa nimekisikia bado, kirefu na cha utulivu. Kisha sauti yake, kwa mara ya kwanza.

"Mgeni wetu hajaiona picha ya ghala. Tugeukeni sote tumwonyeshe."

Akageuka yeye kwanza. Kanga yake ikawa mgongo. Akina mama wakageuka, wazee wakageuka, watoto wakashikwa vichwa wakageuzwa. Bwana Maendeleo naye akageuka kwa kuwa wote wamegeuka. Nilipothubutu kutazama, niliona kijiji kizima ukingoni mwa maji, migongo tu, wote wanatazama upande mmoja, hakuna anayemtazama mwenzake, kimya. Niliijua picha hiyo. Ilikuwa ile ya kalenda.

Nikatoka polepole nisisikike, nikatambaa mpaka jiwe, nikavaa suruali nikiwa nyuma kabisa ya visigino vya mama mkwe. Visigino hivyo havikusogea hata kidogo. Nilipokwisha kujifunga mkanda nikaingia kichakani, na Mzee Hango akaangusha fimbo yake kwa makusudi, ndipo watu wakageukia tena maji na ngoma ikaendelea. Bwana Maendeleo alisifu sana ng'ombe. Alikata utepe, akahutubia kuhusu kujitegemea, na alipotaka kujua yule wa kofia nyekundu amekwenda wapi, Mzee Ntandu alimjibu kwamba amekwenda shambani, kwa sababu kijiji hiki hakina mtu wa kukaa bure.

Jioni Mzee Ntandu aliniita kwenye tembe lake, nikakaa karibu na mlango. Nilikuwa tayari kuambiwa lolote. Alisema mke wake ameongea. Amesema kijana aliyekubali kugandishwa na baridi kuliko kumvunjia mama wa watu heshima ameonyesha kazi yake, na hakuna haja tena ya kutazama ukuta. Wajomba zangu waje. Nilishika miguu ya kiti chake.

Kabla ya kurudi niliomba siku moja zaidi kwenye ghala. Niliwaambia wazee kwamba kuna kona haijakauka. Nikamwondoa ng'ombe mmoja, wa Mzee Hango, kwa ruhusa yake na kwa matusi mengi ya utani. Mahali pake nikarudisha maji, na ndani ya maji nikaweka kichwa chekundu, viganja mdomoni. Ukingoni nikachora mama mmoja amesimama, amejitanda kanga ya kahawia, amegeuza mgongo. Safari hii hakuna mzee aliyeuliza kwa nini hawatazamani.

Nilirudi kwa njia ile ile, punda mpaka Ikungi, lori mpaka Manyoni, gari moshi mpaka hapa, debe tupu. Kile kipande cha kalenda walinipa nije nacho, kipo nyumbani, njooni mkitazame. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani wale watu kando ya mto wanastarehe, na wazee wakadhani wamegombana. Sote tulikosea. Wale ni watu wenye adabu zao, wanamsubiri mmoja wao atoke majini avae.

Harusi ni baada ya mavuno yajayo. Felista mwenyewe ameniambia nywele zangu zikiwa bado nyekundu siku hiyo hataona haya kusimama nami. Atakayefika Mungaa akaiona picha, asiniulize yule mama wa kanga ana sura gani. Shughuli ya kuruhusiwa bado, sura yake siijui. Lakini mgongo wake ningeweza kuuchora hata nikiwa nimefumba macho, kwa sababu sijawahi kuona kitu kilichonitendea wema kama ule mgongo.